Alama za Mzee Mishale

Jumatatu, 3 Machi

Mzee Mishale ameondoka mchana kwenda kufanyiwa upasuaji wa macho, na bwawa ameniachia mimi. Haya, si bwawa lenyewe, ni programu inayoyafungua malango ya bwawa. Lakini pale bwawani hapakai mtu, ni programu ndiyo inayoamua kila kitu, kwa hiyo mvua ikianza, nani atajali tofauti?

Mkuu wa kitengo aliniita ofisini mwake, akaniacha nimesimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. "Kuanzia leo programu ya malango ni yako," alisema. "Isome mpaka uielewe. Ila usiiguse."

"Na nikikuta kasoro?"

"Mvua ikikaribia programu haiguswi, unajua hilo. Mwaka ule tuliigusa, malango yakakwama wazi, mji ukakosa maji. Labda mwandishi na msomaji mwingine waje hapa wote wawili, waniambie wameisoma na wameielewa, na mimi niwaamini."

"Mwandishi atakuwa na bandeji machoni."

"Ndiyo maana nakwambia usiiguse."

Nimerudi mezani nikaifungua. Loh! Meza yangu na ya Mzee Mishale zimegusana miaka mitano sasa, na jina hilo nimempa mimi kwa mishale anayoichora kila mahali. Lugha tunayoandikia programu inakuruhusu kubuni alama zako mwenyewe. Umechoka kuandika "imezidi"? Chagua vialama viwili, iambie mashine kwamba kuanzia sasa hivyo ndiyo "imezidi", nayo inakubali bila ubishi. Sisi wengine tunabuni moja, tena kwa aibu. Yeye kabuni lukuki. Ukurasa umekaa kama kuku wamekanyaga wino wakapita juu yake.

Nimeifunga, nikanywa chai, nikaifungua tena. Kuku wako palepale.


Jumanne, 4 Machi

Ukurasa mmoja, asubuhi hadi jioni. Kichwa kinagonga.


Alhamisi, 6 Machi

Dada amepitia ofisini akitoka kununua mbegu. Ana vitalu vya miche ya miti kule bondeni chini ya bwawa, ukingoni kabisa mwa mto, kwa sababu anasema udongo wa pale hata ukichomeka kijiti kinachipua. Jirani zake ni wafyatua matofali. Wote wanaishi kwa kusikiliza king'ora. Kikilia wanajua wana nusu saa, kisha malango yatafunguka na pale waliposimama patakuwa mto. Wanabeba vyao, wanapanda juu, wanakaa wanapiga soga hadi maji yapungue.

Nilimwambia, "Dada, mwaka huu malango yako mikononi mwangu."

"Mungu wangu! Wewe ambaye chungu kinaungua na umekikalia karibu?"

"Ilikuwa mara moja tu."

"Mara moja wiki ile au mara moja wiki iliyopita?" Akacheka mpaka Mkuu akachungulia. Kabla hajaondoka akanishika mkono, akasema polepole, "Mradi king'ora kilie, mdogo wangu. Mengine fanyeni mtakavyo."

Nilimwambia king'ora kitalia. Nimesema hivyo na sijaelewa hata robo ya programu.


Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza, na imeanza vibaya. Kwa kawaida inaanzia mlimani. Kipimo cha kule kinatuletea habari, tunajua maji yako njiani, king'ora kinalia, malango yanafunguka kabla bwawa halijajaa. Kuna njia ya pili, endapo maji ya bwawani yenyewe yatavuka mstari mwekundu uliochorwa ukutani, lakini tangu programu hii iandikwe haijawahi kutokea. Mlima hutangulia siku zote.

Mwaka huu mlima mkavu kabisa. Mvua yote inatumwagikia sisi huku chini. Kamera ya bwawani inaonyesha maji yako chini ya mstari kwa urefu wa mtu na nusu.


Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mlima mkavu. Nimeota mishale.


Ijumaa, 14 Machi

Leo uvumilivu umeniishia, nikamfuata nyumbani kwake nikiwa nimejaa hasira. Kompyuta kwapani, viatu vimelowa, maneno yote ya kumwambia nimeyapanga. Mkewe alinifungulia mlango. "Karibu, wifi. Mgonjwa wako yule pale, ananisumbua kama mtoto."

Nikamkuta kwenye kiti, macho yote mawili yamefungwa bandeji, ameshika redio ndogo isiyowashwa. Kumgombeza mtu asiyeweza hata kuniangalia, nilishindwa.

"Jirani!" akasema. Huniita hivyo kwa ajili ya zile meza. "Umekuja kunilalamikia alama zangu."

"Nimekuja kukujulia hali, mzee."

"Usinidanganye, nasikia unavyopumua. Haya, nisomee, nitakueleza."

Nikafungua mstari wa kwanza, nikafungua na mdomo, hakikutoka kitu. Hebu fikiria. Kuna neno "kina", halafu kikofia, halafu alama ya mshangao, halafu "nyekundu". Utaitamkaje hiyo?

"Soma, nasubiri."

"Kina, kikofia, mshangao..."

"Ah, hiyo ni imezidi."

"Basi inaitwaje?"

"Haiitwi. Unaiona tu, unaelewa."

"Mzee, wewe mwenyewe sasa hivi huioni!"

Mkewe, aliyekuwa anakunja nguo, akaangua kicheko akaziachia nguo. Mzee Mishale naye akacheka, lakini kidogo. "Kweli," akasema. "Miaka yote hiyo sijawahi kumsomea mtu hata mstari mmoja kwa sauti."

Tukaanza kuzipa alama majina, moja baada ya nyingine. Kikofia na mshangao: imezidi. Fimbo na mkwaju: "au". Ile ya "na", iliyojikunja kama funza na kufuatiwa na kiwimbi, mkewe akaibatiza Funza, na Funza ikabaki. Nyingine alizikumbuka papo hapo, nyingine alibaki akijikuna kidevu: "Hiyo... hiyo niliiweka kwa nini?" Mwandishi mwenyewe! Nikapata raha kidogo moyoni, siwezi kuficha.

Akanichokoza pia. "Unasema alama hazisomeki. Mbona alama ya kujumlisha hujailalamikia?"

"Ile kila mtu anaijua."

"Kwa hiyo tatizo si alama."

"Tatizo ni alama unazozijua peke yako, mzee."

Niliporudi nyumbani hasira zilikuwa zimeyeyuka, nikakasirika kwamba zimeyeyuka. Maji: yamebakiza urefu wa mtu kufika mstari. Mlima mkavu.


Jumapili, 16 Machi

Nguo hazikauki.


Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda tena kwa Mzee Mishale. Tukiwa katikati, kompyuta yangu ikazimika, chaji imekwisha. Mkewe akaniambia nitumie ya mzee iliyo mezani. Mzee akasema haraka, "Hapana, hiyo mbovu." Mkewe akasema, "Mbovu wapi?" akaiwasha.

Jamani. Herufi zilikuwa kubwa kama ngumi. Kioo kizima kilibeba maneno manne, matano kwa kubana. Ukiandika "imezidi" kwa ukamilifu, umemaliza nusu ya mstari. Niliangalia kioo, nikamwangalia yeye, nikamwangalia mkewe, na mkewe akainamisha uso akaendelea na nguo zake.

"Tangu lini, mzee?"

"Zamani. Mwanzoni niliongeza herufi kidogo tu. Baadaye kidogo tena. Mistari ikawa haitoshi kwenye kioo, nikaanza kuifupisha." Akapapasa meza mpaka akaupata ukingo wake. "Ningesema, Mkuu angenistaafisha. Mimi bila kazi hii ni mtu gani?"

Kumbe ndiyo maana ofisini kioo chake alikielekeza ukutani. Sisi tulisema anajidai, anaficha ujuzi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, tena kwa sauti, na kila mtu akacheka. Nilimpa jina nikidhani anaringa kwa mishale yake, na mtu alikuwa anatafuta nafasi ya kuona tu.

"Daktari anasemaje?" nikauliza.

"Anasema bandeji zikitoka nitaona mpaka senti iliyodondoka uvunguni," mkewe akajibu. Mzee akazigusa bandeji zake. Nikaona hofu yake ni kubwa kuliko ya kupoteza kazi.

Tumesoma kurasa mbili kwa herufi za ngumi. Zinasomeka vizuri tu, kama unajua majina. Maji: yamebakiza kimo cha kifua.


Alhamisi, 20 Machi

Barabara ya bwawani imekatika. Kalavati limekwenda na maji. Fundi wa malango amejaribu kupita kwa miguu, amerudi na kiatu kimoja. Kwa hiyo kule sasa hafiki mtu, na kitufe cha king'ora cha kubonyeza kwa mkono kiko kulekule kibandani. Tunachoweza kutoka huku ni kuangalia kamera na kutuma programu.

Maji: kiunoni. Mlima mkavu.


Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Leo kwa Mzee Mishale tulifika kwenye mstari wa programu unaofungua malango. Nauandika hapa kama alivyouandika yeye:

kina^!nyekundu |/ mvua^!kikomo     &~     kingora => lango

Nikausoma kwa majina yetu. "Kina kimezidi mstari mwekundu, au mvua ya mlimani imezidi kikomo." Nikavuta pumzi. "Na king'ora kimeshalia nusu saa. Fungua lango."

"Sawasawa kabisa," akasema Mzee Mishale. "Twende mbele."

Nikafungua ukurasa unaofuata. Nilikuwa nimeshaanza kusoma aliponyoosha mkono hewani. "Ngoja. Rudi nyuma. Umepumulia wapi?"

"Kabla ya Funza."

"Kwa nini hapo?"

"Kwa sababu umeacha nafasi kubwa, mzee. Mambo mawili ya kwanza umeyabananisha pamoja, king'ora umekiweka mbali. Mtu yeyote angepumulia hapo."

"Hizo nafasi niliziweka kwa ajili ya macho yangu," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mashine haioni nafasi. Nenda juu kabisa, pale nilipobuni alama. Angalia kati ya 'au' na Funza, ipi niliiambia mashine iishughulikie kwanza."

Nikaenda. Nikaangalia mara mbili, nikaweka kidole kwenye kioo kabisa. "Funza."

"Basi usome kama mashine. Funza kwanza."

Nikausoma. "Kina kimezidi mstari mwekundu. Au: mvua imezidi kikomo na king'ora kimeshalia nusu saa. Fungua lango."

Mkewe alituangalia mmoja baada ya mwingine. "Kuna nini?"

Nikamweleza, na kwa kumweleza yeye ndipo nikaelewa mimi. Ile nusu saa imefungwa na mvua ya mlimani peke yake. Mlima ukinyesha, king'ora kinalia, watu wanapanda, malango yanasubiri. Lakini maji yakivuka mstari mwekundu na mlima ni mkavu, malango hayasubiri chochote. King'ora kitalia, ndiyo, lakini dakika ileile maji yatakuwa yameachiwa. Miaka yote mlima ulitangulia, ndiyo maana hatukujua. Mwaka huu mlima haujatoa tone.

"Dada yangu yuko kule chini," nikasema. Nilishangaa kusikia sauti yangu inatoka kawaida.

Mzee Mishale alikuwa ameshika kichwa. "Niliuona ule mstari kila siku. Macho yangu yalikuwa yanasoma nafasi. Miaka sita, jirani. Miaka sita watu wale wamekaa mtoni, na mimi..." Mabega yakaanza kumtikisika.

Mkewe akaruka. "Weee! Daktari amekataza kulia! Utaharibu dawa!" Akamshika uso kwa mikono miwili. "Usilie, baba. Lia baadaye. Sasa fanyeni kazi."

Hatukuweza hata kucheka. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa, mzee. Na wewe ndiye umelisikia kosa, mimi nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa mbele." Akatikisa kichwa tu. Maji: gotini.


Jumapili, 23 Machi

Nimempigia Dada simu asubuhi, nikamwambia asishuke mtoni wiki hii.

"Kwa nini?"

"King'ora kinaweza kuchelewa."

"Hakijawahi kuchelewa."

"Dada, nakuomba."

"Miche ina soko wiki ijayo, nisipoihamisha sasa inaoza kwa maji haya. Mbona mlima mkavu? Mlima ukiwa mkavu hakuna maji. Niko huku tangu hujaingia kazini, mdogo wangu, nisikuone unanifundisha mto." Nikamwambia awaambie basi na wafyatua matofali. Akasema wale ndiyo kabisa, wana tanuri linawaka, hawataliacha. "King'ora kikilia tutapanda. Kama siku zote."

Nimekata simu nikatupa mto wa kochi ukutani. Halafu nikauokota, maana nyumba ni ndogo.


Jumatatu, 24 Machi

Nimeingia kwa Mkuu bila kubisha hodi. Nikamwekea ule mstari mezani.

"Sioni kosa," akasema. "Mambo mawili haya, halafu king'ora. Kiko wazi."

"Umepumulia wapi?"

"Nini?"

Nikamsomea jinsi mtu anavyousoma, kisha jinsi mashine inavyousoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akausoma mwenyewe akisogeza midomo. Nikaona uso unampauka.

"Tuyafunge malango yasifunguke yenyewe," akasema.

"Maji yatapita juu ya ukuta, ukuta utakwenda, na mji utakwenda nao."

"Najua. Nafikiri kwa sauti." Akasimama dirishani, mvua inapiga kioo. "Unataka niivunje amri yangu mwenyewe, kwa neno la mtu aliyefungwa macho na wewe ambaye una ndugu kule chini."

"Ulisema mwandishi na msomaji, wote wawili, na wewe utuamini. Sijaomba kuvunja chochote."

Akarudi mezani. "Andika upya," akasema. "Kesho mtanisomea. Nikipotea hata mahali pamoja, haitumwi."

Maji: nusu ya kimo cha goti. Mlima mkavu.


Jumanne, 25 Machi

Nilianza kuandika alfajiri, na nilijua nitakachofanya. Maneno matupu. Hakuna alama hata moja, nimezichoka mpaka kaburini. Mstari ukawa hivi: ikiwa kina cha maji ya bwawani kimekuwa kikubwa kuliko kiwango cha mstari mwekundu au ikiwa kiasi cha mvua ya mlimani kimekuwa kikubwa kuliko kikomo kilichowekwa na wakati huohuo si kweli kwamba king'ora hakijalia kwa muda usiopungua nusu saa. Nikauona mtamu sana.

Mzee Mishale alikuja kwa simu, imewekwa mezani kati yangu na Mkuu. Nikasoma. Nilipofika "usiopungua" Mkuu alikuwa anaangalia dari.

"Jirani," simu ikasema.

"Naam, mzee."

"Nimepotea kule kwenye 'kikubwa kuliko' ya pili. Na hiyo 'si kweli kwamba hakijalia', naomba nisilale nayo."

"Mimi nilipotea mapema zaidi," akasema Mkuu.

Nikataka kupinga, nikausoma tena kimoyomoyo, na kumbe na mimi nilikuwa nimepotea. Mbaya zaidi, kwa maneno yangu yote hayo, "na" ilikuwa inaning'inia vilevile bila kujulikana imeshika nini. Nilikuwa nimelirudisha kosa lilelile, safari hii limevaa suti.

"Ile ya 'kubwa kuliko' ya shuleni irudishe," akasema Mzee Mishale. "Ile ya mdomo wazi. Hata mtoto wa darasa la tatu anaijua. 'Au' na 'na', ziandike kwa maneno. Na weka mabano."

"Mabano ya nini, kama..."

"Mabano ndiyo pumzi, binti. Mashine nayo inayaheshimu."

Tukakaa hivyo, sisi watatu, tunabishana kuhusu mstari mmoja kana kwamba tunagawana urithi. Mkuu akataka king'ora kitangulie. Mzee akakataa, akaona sababu, akakubali. Mimi nikataka jina refu la malango, wote wawili wakanijia juu. Hatimaye ukawa hivi:

ikiwa kingora_kimelia_nusu_saa na (kina > mstari_mwekundu au mvua > kikomo): fungua_lango

Mkuu akausoma yeye mwenyewe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, akapumua kwenye mabano bila kuambiwa. Kisha akamwuliza yule mtu kwenye simu, "Umeielewa?"

"Nimeielewa."

"Na wewe?"

"Nimeielewa."

"Basi na mimi nimeielewa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuielewa programu ya malango tangu nikae kwenye kiti hiki." Akasaini. Tukaijaribu kwenye kompyuta ya ofisini mpaka chakula cha mchana kikapoa na kumwagwa, tukiidanganya kwamba maji yamejaa, mvua imenyesha, mvua haijanyesha. Kila mara lango lilisubiri. Jioni tukaituma. Bwawa likajibu kwamba limepokea.

Nilishusha pumzi, lakini nusu tu. Ofisini ni ofisini. Kule ni kule.


Jumatano, 26 Machi

Maji: shubiri moja. Mlima mkavu. Dada hapokei simu.


Alhamisi, 27 Machi

Yamevuka asubuhi, nikiwa na kikombe mkononi.

Kwenye kamera niliona ule mstari mwekundu unafifia, unakuwa wa kahawia, haupo. Taa ya king'ora ikawaka kwenye kioo. Mlima: mkavu, mkavu, mkavu. Nikaangalia lango.

Limefungwa.

Nikapiga kelele, Mkuu akaja mbio na wenzake wakamfuata. Wakasimama nyuma ya kiti changu, macho kwenye kioo. Kila nilipohuisha ukurasa nilifunga macho kwanza, kisha nikafungua jicho moja. Limefungwa. Mkuu alinishika bega akalibana mpaka likaniuma, na sikumwambia aache. Simu ya Mzee Mishale iliita. "Limefunguka?" Nikamwambia bado. "Bado?" Bado, mzee, limefungwa. Nikasikia anamwambia mkewe, "Linasubiri," na mkewe anasema, "Nimekwambia usilie!"

Lilisubiri nusu saa yake yote, halikupunguza hata kidogo. Ndipo lango la kwanza likaanza kupanda, na maji yakatoka kwa kishindo kilichoitikisa kamera.

Sikushangilia. Wengine walipiga makofi, mimi nilibaki nimeishika simu, nampigia Dada, haipokelewi, nampigia tena. Mkuu akaniletea kiti ingawa nilikuwa nimekaa.

Kisha ikaita yenyewe.

"Wewe!" Dada akaanza, bila salamu. "Hivi nyinyi mna akili? Mlima mkavu, mnafungua! Nilitazama mlima nikasema leo hawafungui, nikashuka mpaka chini kabisa, hadi kule kwenye mchanga, na simu nimeiacha juu kwenye kapu. King'ora kinalia nasema kimeharibika hicho. Wafyatua matofali nao wamekaa tu chini ya turubai lao, wanasema kimeharibika. Mpaka nikakumbuka wewe na maneno yako ya Jumapili, nikawaamsha kwa matusi, na unajua magoti yangu, nimepanda ule ukingo kwa mikono na miguu kama mtoto anayetambaa. Nafika juu, nageuka, hata pumzi sijavuta, na pale nilipokuwa nimesimama hapapo! Pamekuwa maji! Vitalu vyote vimekwenda, vyote, hata ile miche ya soko, na tanuri la watu limezimika, wako hapa wote wananiangalia mimi kwa sababu ndugu yangu ndiye mwenye malango. Unanisikia? Mbona hujibu? Unalia? Hapo ofisini si mna watu?"

"Wako wote hapo, Dada? Hakuna aliyebaki chini?"

"Wako wote, nimekwambia, nani atabaki chini, samaki? Usinibadilishie maneno, sijamaliza!"

"Endelea," nikamwambia. "Nigombeze tu, Dada, nakusikiliza."

Akaendelea, na hakuchoka upesi.